Kupanda SGR ukitokea Malindi: maelekezo ya karani mstaafu wa tikiti

Malindi haina stesheni ya reli na haijawahi kuwa nayo. Naanza na hilo kwa sababu kila shule zikifungwa hakosekani mgeni, na mara nyingine kijana wa papa hapa, anayeuliza stesheni iko upande gani wa mji. Stesheni tunayoitegemea ya SGR, yaani reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ni ya Miritini, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kufika Mombasa tu ni kama kilomita 120, na Miritini ni mbele ya hapo.

Mimi nilikuwa karani wa tikiti katika stesheni ya zamani ya Mombasa, ile iliyo mjini. Nilipostaafu nikarudi Shela, Malindi, na tangu hapo baraza yangu imegeuka dirisha la tikiti. Watu huja na simu mkononi: "Ami, hebu nikatie." Nawakatia. Halafu huanza maswali: niamke saa ngapi, nishukie wapi, samaki wanaruhusiwa, mtoto analipa. Haya hapa majibu, tena kwa mtu wa Malindi, maana maelekezo mengi yameandikwa kwa mtu ambaye tayari yuko Mombasa.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine. Treni yenyewe haina ugumu wowote. Wanaoachwa huachwa na barabara ya Mtwapa, mji wa kabla ya Mombasa, au na foleni ya langoni. Kwa hiyo safari hii ihesabu kinyumenyume. Anza na saa ya treni kuondoka, toa saa nzima ya langoni, toa muda wa kuvuka Mombasa, toa muda wa matatu, mpaka ufike mlangoni kwako. Ukianza kuhesabu kutoka kitandani utakosea.

Saa za treni

Treni za abiria ni tatu kwa siku, kila upande. Ya asubuhi huondoka saa mbili, nayo ndiyo ya vituo: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River, kisha Nairobi mnamo saa nane mchana. Ya pili huondoka saa tisa alasiri, ni ya haraka, na safari yake ni ya saa tano hivi. Ya tatu ni ya saa nne usiku, nayo hukushusha Nairobi mnamo saa tisa na nusu, kabla ya adhana ya alfajiri.

Tikiti haitakuandikia hivyo. Itakuandikia 08:00, 15:00 au 22:00. Mama mmoja wa Maweni aliona 08:00 akajua ni saa nane. Akapika, akawagawia wajukuu, akaoga, akafika Miritini adhuhuri bila haraka yoyote. Wakati huo treni yake imeshapita Mtito Andei. Ukipata tikiti, chukua kalamu uandike pembeni kwa saa zetu, hasa kama msafiri ni mzee na wewe hutakuwa naye.

Ukiniuliza nitakwambia upande ya saa tisa alasiri. Unatoka Malindi mchana, unaona njia, na ukikwama Mtwapa bado una nafasi ya kupumua. Ya asubuhi ina uzuri wake, lakini kuikamata kutoka Malindi ni kuondoka usiku wa manane, na usiku huo utategemea gari la kukodi. Mwenye jamaa Mombasa akalale kwao, aamke huko. Ya usiku huwafaa vijana na wafanyabiashara wanaotaka kuamkia soko la Gikomba. Mwenye watoto wadogo simshauri, kwa sababu atafika Nairobi kukiwa giza na baridi.

Kukata tikiti

Zamani tikiti ilikuwa kipande kidogo cha kadi ngumu. Karani akikipitisha kwenye mashine ya chuma ya kupiga tarehe, kinalia, unapewa. Siku hizi tikiti inakatwa kwa simu. Piga *639#, au kama una intaneti ingia metickets.krc.co.ke. Utachagua unakotoka, unakokwenda, tarehe, treni na daraja. Utaandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Baadaye M-Pesa itakuomba namba yako ya siri. Hakikisha pesa zimo kabla hujaanza, kwa sababu nafasi unawekewa kwa muda mfupi tu. Nimeona watu wameshachagua kiti, ndipo wanakimbia dukani kuweka pesa, na wakirudi kiti kimeenda kwa mwingine.

Nauli ya daraja la kawaida, Mombasa hadi Nairobi, ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza ni 4,500. Bei hizi zilianza Januari 2024. Kabla ya hapo zilikuwa 1,000 na 3,000, na treni ilipoanza mwaka 2017 tulipanda daraja la kawaida kwa 700. Zilivyopanda zinaweza kupanda tena, basi tazama bei siku unayokata. Mtoto chini ya miaka mitatu halipi, na wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Ukishuka vituo vya njiani nauli ni pungufu.

Jina kwenye tikiti liwe lile la kwenye kitambulisho. Usiandike jina la mtaani wala la heshima. Kama kitambulisho kinasema Mohamed na wewe mtaa mzima wakuita Mdoe, langoni wewe ni Mohamed. Mgeni huandika namba ya pasipoti. Anayemkatia mzazi wake aweke namba ya kitambulisho cha mzazi, asiweke yake mwenyewe kwa sababu tu ndiye aliyeshika simu. Kosa hilo ndilo ninalolisahihisha zaidi hapa barazani. Na ujumbe wa tikiti usiufute, kwa sababu namba iliyomo ndiyo utakayotumia kuchapisha tikiti ukifika stesheni. Simu za wazee huishiwa chaji Kilifi, kwa hiyo mimi humwandikia mtu namba ile kwenye karatasi, akaiweka kwenye pochi.

Desemba, Pasaka, Idi na siku za wanafunzi kurudi shule, kata wiki kadhaa mapema. Daraja la kawaida la ile ya alasiri ndilo linalojaa kwanza. Siku za kawaida katikati ya juma utapata hata ukichelewa.

Tofauti ya madaraja ni nafasi. Behewa la kawaida lina viti 118, vitatu upande huu na viwili upande ule, mnatazamana magoti kwa magoti na meza ndogo katikati. La kwanza lina viti 72, viwili viwili, na miguu inanyooka. Kijana akilipa 4,500 kwa saa tano namwona ana pesa za kuchezea. Mwenye mgongo au goti bovu namwambia alipe.

Kwa nini reli haikuja kwetu

Hili si la kukusaidia kupanda treni, ila kila nikikata tikiti mtu huuliza, na mimi sina raha mpaka nijibu.

Waingereza walipoanza kujenga reli mwaka 1896 hawakuwa na haja na miji ya pwani. Walitaka kufika Ziwa Victoria na Uganda. Walihitaji bandari yenye kina, na Kilindini ilikuwa na kina, kwa hiyo reli ikatoka Mombasa ikaelekea bara moja kwa moja. Sisi wa kaskazini, Malindi, Mambrui, Lamu, tuliachiwa majahazi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, mwaka 1901. Walioijenga ni vibarua walioletwa kutoka India, karibu 32,000, na kama 2,500 kati yao walifia kazini. Pale Tsavo mwaka 1898 simba wawili waliwala watu kwa miezi mpaka kazi ya daraja ikasimama. Mhandisi Patterson aliwaua mwezi wa Desemba, na ngozi zao ziko kwenye jumba la makumbusho Chicago hadi leo. Malindi nayo ina mtaa wa Kisumu Ndogo. Jina la mwisho wa reli tulilipata, reli yenyewe tukaikosa.

Reli ile ilikuwa nyembamba, upana wa mita moja. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaanzisha lake mwaka uliofuata, nami niliajiriwa miaka iliyofuata. Treni ya abiria ilitoka Mombasa saa moja jioni na kutakiwa kufika Nairobi asubuhi. Kulikuwa na daraja la kwanza la vitanda viwili, la pili la vitanda vinne, na la tatu la kuketi tu. Mtumishi wa behewa la chakula alipita na kengele yake ya kugonga kuita watu mezani, shuka zililetwa na kutandikwa, na asubuhi unafungua dirisha unaona twiga. Haya ndiyo watu wanayoyasimulia. Wasiyoyasimulia ni kwamba wengi walisafiri daraja la tatu, shingo imepinda usiku kucha, na treni ikiharibika Mtito Andei mnakula mlichobeba. Mimi naipenda ya zamani kama mtu anavyokipenda chuo alichopigwa fimbo, lakini mjukuu wangu akitaka kwenda Nairobi namkatia SGR.

Hii mpya ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, siku moja kabla ya Sikukuu ya Madaraka, ndipo likaja jina la Madaraka Express. Ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo kutoka China. Urefu ni kilomita 472, reli ni pana zaidi, mita 1.435, na treni ya abiria hukimbia hadi kilomita 120 kwa saa. Treni ya abiria ya zamani ilikuwa imeshaacha kwenda Nairobi mwezi mmoja kabla.

Na wanaouliza reli ya Lamu: mradi wa LAPSSET, wa bandari na njia za usafiri, ulizinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, mbele ya Rais Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, na ndani yake mna reli ya kwenda Isiolo, kisha Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza la bandari lilianza kazi Mei 2021. Reli bado. Na hata ikija itatoka Lamu ielekee bara, haitapita Malindi. Kwa hiyo turudi kwenye matatu.

Kutoka Malindi hadi Miritini

Matatu za Mombasa zinapakia stendi ya Malindi tangu alfajiri. Kwa treni ya saa tisa alasiri, gari lako litoke saa tatu asubuhi, isizidi saa nne. Najua utasema ni mapema mno, safari ni saa mbili na nusu tu. Ni saa mbili na nusu siku ambayo Mtwapa imelala. Siku ya mazishi, ya mvua, au ya lori kulala barabarani, utakaa Mtwapa kwa muda ambao ungetosha kufika Kilifi na kurudi. Kumbuka pia kwamba gari haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa. Makanga akikwambia "amebaki mmoja", tazama ndani mwenyewe, kwa sababu mara nyingine nusu ya waliokaa ni vijana wa stendi wanaojaza viti tu.

Tusilalamike sana. Wenye umri wangu wanakumbuka Kilifi bila daraja. Mlishuka, mkapanga foleni ya feri, na feri ikiwa ng'ambo mnakula korosho mkingoja. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo mtu wa Malindi aliyetaka treni ya saa moja jioni aliondoka nyumbani mapema kuliko wewe leo.

Ukivuka daraja la Nyali, usiende mpaka mwisho wa safari ndani ya mji. Mwambie makanga akushushe Buxton. Hapo utapata matatu za kwenda Changamwe na Miritini, na nyingine makanga wake wanaita "SGR! SGR!" wazi kabisa. Uliza kama inaingia hadi stesheni au inakuacha barabara kuu, maana kutoka barabarani hadi langoni kwa miguu na mizigo si mchezo. Mkiwa watatu au wanne, tuktuk ni afadhali: mnagawana nauli na inawafikisha langoni. Patana bei kabla ya kupakia mizigo, si baada. Njia hii hupita Makupa na Changamwe, kwenye malori ya bandari, kwa hiyo iwekee saa nzima hata kama wenyeji watakwambia ni dakika ishirini.

Kwa ya usiku, toka Malindi baada ya adhuhuri. Wanaotoka saa kumi hukutana na Mombasa nzima inarudi nyumbani.

Unachobeba

Hapa ndipo mtu wa Malindi anapopata taabu, kwa sababu hatujui kwenda bara mikono mitupu.

Maembe, hakuna neno. Ngowe zifunge kwenye boksi, si kwenye gunia, la sivyo utafika na maji ya maembe. Nazi zifue kwanza. Halwa na achari ziwe na vifuniko vinavyobana, na achari uizungushie mfuko mwingine, kwani mafuta yake hayaheshimu nguo za mtu. Samaki wakavu na wabichi ni suala la harufu. Behewa limefungwa, lina kiyoyozi, na jirani yako yuko hapo kwa saa tano. Nguru wabichi wagandishe usiku kucha, watie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, uzungushie utepe. Papa mkavu mimi simshauri mtu kabisa. Mtume kwa basi.

Mnazi hauingii, wala pombe nyingine yoyote ya kubeba. Usidhani ukiutia kwenye chupa ya soda hautajulikana. Mtungi wa gesi, petroli, mafuta ya taa, na makopo ya kupuliza, hata yale ya manukato, viache. Visu na mapanga viache. Na mbuzi ya kukunia nazi pia, maana ile ni chuma chenye meno, na askari wa langoni haulizi kama unapika wali wa nazi. Kama binti yako kaolewa Nairobi na hana mbuzi, mwambie atanunua huko. Mume akilalamika wali hauna nazi, anajua pa kwenda kuinunua.

Mizigo unaibeba mwenyewe hadi kwenye behewa. Iwe ya kiasi ambacho mikono yako inaweza kukiinua hadi rafu ya juu, kwa sababu ukimtegemea kijana wa kiti cha jirani, naye ana yake.

Langoni

Jengo utaliona kwa mbali. Limejengwa kwa duara ndani ya duara, mfano wa maji yanavyotanuka, na mnara katikati. Fika saa nzima kabla. Na mzee au watoto, saa moja na nusu.

Kwanza mtaambiwa mpange mizigo chini kwa mstari, ninyi msogee pembeni, na mbwa wa polisi apite akinusa. Mwenye kuogopa mbwa, au mwenye udhu asiyetaka kuguswa naye, asisumbuke: mbwa ananusa mizigo, nanyi mko kando. Kisha mashine ya kukagua mizigo, na wewe mwenyewe unapekuliwa. Baada ya hapo nenda kwenye mashine za kuchapisha tikiti, uweke namba yako. Foleni ikiwa ndefu kwenye ya kwanza, tazama ya mwisho. Watu hurundikana karibu na mlango, na zile za mbali huwa hazina mtu. Tikiti mkononi, kitambulisho mkononi, unaonyesha, unaingia ukumbi wa kungojea.

Malango ya kuteremkia kwenye treni hufungwa dakika kadhaa kabla ya kuondoka, na yakifungwa yamefungwa. Katika stesheni yetu ya zamani gadi alikuwa akimwona mama anakimbia na mtoto mgongoni, anaishikilia bendera yake kidogo. Huku hakuna gadi wa kumtazama usoni.

Kuhusu swala, sitoi fatwa, nasema tu wanavyofanya wasafiri wengi wa kwetu. Anayepanda ya saa tisa huswali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kupunguza, kabla ya kupanda. Wa saa nne usiku anapanda akiwa ameshaswali isha. Wa asubuhi hana tatizo.

Ndani

Kaa kiti kilichoandikwa kwenye tikiti. Namba ya behewa ni muhimu kuliko ya kiti, kwa sababu treni ni ndefu, na kutembea ndani ya mabehewa na ndoo ya samaki ni kuwaomba watu radhi kutoka mwanzo hadi mwisho. Wahudumu hupita na kigari cha chai, soda na vitafunio, na kuna behewa la chakula. Bei si za mtaani. Kula wali wako Malindi au Buxton, ndani unywe chai tu.

Ukielekea Nairobi, upande wa kushoto ndio wa Kilimanjaro, mbingu zikiwa safi. Ukirudi ni kulia. Tsavo ndovu huonekana pande zote, wekundu kwa udongo wa kule, na reli imeinuliwa juu ili wanyama wapite chini yake. Watoto wakae dirishani baada ya Voi, si kabla. Hapa ndipo treni ya usiku inapopoteza thamani yake. Unalipa nauli ile ile kutazama sura yako kwenye kioo.

Ukifika Nairobi

Treni haiingii mjini. Inaishia Syokimau, kando ya barabara ya Mombasa. Kuna treni ndogo inayounganisha na stesheni kuu ya katikati ya mji, inayongoja abiria wa SGR, na hiyo hupita kwenye reli ile ile nyembamba ya zamani. Ipande. Ni nafuu na haijui foleni ya magari. Toka haraka kwenye behewa, fuata umati, usisimame kupiga simu kwanza. Anayefika saa tisa na nusu usiku akae ndani ya stesheni mpaka kupambazuke, au aitiwe gari na jamaa anayemjua. Na vaa sweta. Watu wa Malindi hawaniamini nikisema Nairobi alfajiri ya Julai inatia baridi hadi mfupani.

Kurudi, na siri ya Mariakani

Wakati wa kurudi kuna njia ambayo wengi hawaijui. Panda ile ya asubuhi kutoka Nairobi, saa mbili, ya vituo, lakini usikate hadi Mombasa. Kata hadi Mariakani, kituo cha mwisho kabla ya Miritini. Utashuka mchana kweupe. Bodaboda hadi mjini Mariakani, kisha matatu za Kaloleni, na kutoka Kaloleni za Kilifi. Barabara ni ya lami, inapita kwenye minazi ya Wagiriama, inatokea Mavueni, na mbele kidogo ni daraja la Kilifi. Kilifi hadi Malindi unajua mwenyewe. Changamwe, Makupa, Nyali na Mtwapa zote umeziruka. Hubadilisha gari mara nyingi zaidi, hilo ni kweli, na mwenye mizigo mingi atachoka. Lakini asiye na mizigo atafika Malindi kabla ya magharibi.

Njia hiyo wakati wa kwenda haifai sana, kwa kuwa treni ya asubuhi hupita Mariakani mapema mno kwa mtu anayetoka Malindi siku hiyo hiyo. Inamfaa aliyelala Kilifi au Kaloleni.

Ukirudi na ile ya saa tisa alasiri utafika Miritini kama saa mbili usiku, na mpaka uvuke kisiwa, matatu za Malindi zimekwisha au zimebaki zile za kungoja abiria hadi usiku mkubwa. Lala Mombasa. Wa Lamu wao ni tofauti, na kwao ndipo treni ya usiku kutoka Nairobi inapofaa kweli. Inafika Miritini kabla ya alfajiri, unakodi tuktuk hadi mjini, na mabasi ya Lamu huondoka Mombasa asubuhi mapema. Tikiti ya basi uikate siku moja kabla, kwa simu, uwaambie wazi kwamba unatoka kwenye treni. Ukipitia Malindi, Garsen na Witu utafika Mokowe mchana, na boti za kuvuka kwenda Lamu bado zipo.